ORODHA YA WARINA WA MSIMA (Sehemu ya Tisa)

Ufunguo ulizungushwa kwa nje mara mbili, kisha mtu akakohoa.

"Ni mwenyekiti," Bernadetha alisema kwa sauti ya chini. "Kikohozi chake nakijua. Miaka minne nakaa nacho ofisi moja."

Basi ndiyo hivyo, msomaji. Wale uliowaacha na disketi mkononi sasa wamefungiwa. Na kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, si kosa lako. Nitakupa kwa kifupi.

Mle ndani ya ofisi ya chama cha warina asali, Mpanda mjini, walikuwa watu watatu. Wa kwanza ni Lyamba wa Nsemulwa, mrina asali, aliyefiwa na mkewe Monika miaka mitatu nyuma. Wa pili ni Bernadetha, mpiga chapa wa chama, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Wa tatu ni Arcade, fundi redio wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mrundi, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka Katumba bila kibali.

Na mezani palikuwa na kompyuta.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na orodha ya mizinga yote ya kambi za Msima. Amri ilikuwa imetoka kwamba kuanzia mwaka huu wa 1999, asiyekuwemo kwenye orodha yenye muhuri hapiti geti la msitu, na mzinga usio na jina utashushwa uchomwe. Muhuri unapigwa leo, saa kumi.

Madaftari ya zamani hayapo. Mwenyekiti Yotham aliamuru yachomwe, eti mashine inakumbuka kuliko karatasi. Yaliwashia moto wa kuchemshia nta. Halafu tarehe moja kompyuta ikaamka ikadai namba ya siri, na namba hiyo wanayo Dunikom peke yao, kampuni ambayo programu zake zimekalia kila meza ya ofisi kutoka Dar es Salaam mpaka huku kwetu reli inakoishia.

Wakala wao, Josephat, alikuja na treni ya Jumanne. Namba mtapata, alisema, lakini sainini kwanza kwamba kwa miaka kumi orodha zenu zitakaa ndani ya programu yetu tu, si pengine popote. Yotham alishasaini moyoni. Pikipiki waliyompa ilikuwa tayari na matope ya Usevya, kwa shemeji yake.

Na Lyamba? Lyamba ana mizinga sitini na mmoja Msima. Hana ng'ombe, hana duka, hana mtoto. Kila mzinga alichonga yeye, na kila kamba ya gome alisokota Monika. Ikishushwa ile, hakuna tena mahali hapa duniani ambapo kazi ya mikono ya Monika ipo.

Haya, turudi mlangoni.

Lyamba aliugonga kwa kiganja. "Mwenyekiti, fungua."

"Kaeni humo humo," Yotham alijibu. "Naleta askari. Mtamweleza huyo mkimbizi anafanya nini kwenye mashine ya chama."

"Na mimi si chama?"

"Wewe una kadi. Chama ni viongozi."

Sauti nyingine ikaingia, laini, ya watu wa Dar. Ni Josephat. "Mzee wangu, nakuomba tu msiguse kitu. Hiyo mashine ina mkataba. Mkiiwekea vitu vya bure, mwaka elfu mbili ukiingia kila kitu kitafutika."

"Kwani sasa hivi kuna kitu kinachoonekana?" Lyamba alimuuliza.

Pikipiki ilinguruma, ikaondoka.

Lyamba alibaki ameukodolea macho mlango. Hivi ndivyo walivyo, alijisemea. Siku Monika alipozidiwa, gari la kumbeba halikuwepo, lilikuwa limewapeleka wakubwa kwenye mkutano wa afya. Mkutano wa afya. Walirudi jioni wana soda kwenye mifuko, wakamkuta amefunikwa kitenge, wakatoa pole, wakaandika jina lao kwenye daftari la rambirambi na cheo pembeni.

Nyuma yake Arcade alikuwa anacheka.

"Unacheka nini?"

"Mzee, huyu mtu katusaidia. Kafunga mlango na ufunguo kaondoka nao. Mpaka arudi, nani atatuingilia?"

"Umeme," Bernadetha alisema. "Umeme ndio utatuingilia. Zamu yetu inakatwa saa nane."

Wote waliangalia saa ya ukutani. Saa saba na robo.

Arcade alisukuma disketi ndani ya mashine. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya risasi ya kuchomelea redio, na kucha moja nyeusi.

"Hicho kidude kinavunja kufuli?" Lyamba aliuliza.

"Hakivunji. Mfumo wa Dunikom ukiamka ndipo unadai namba. Mimi siuamshi. Naamsha mwingine kutoka kwenye disketi, unaingia, unasoma kilichomo, unatoka. Wa Dunikom utakuwa bado unakoroma."

"Na huo mwingine ni wa nani?"

"Wa watu."

"Watu gani?"

"Wanafunzi, mafundi, watu wa nchi nyingi. Mmoja anachonga kipande, anakiweka wazi. Mwingine anaona pamepinda, anapanyoosha. Unaitwa Linux. Mhandisi mmoja wa visima alinipa nakala, akasema na mimi nimpe mwenzangu."

"Bure?"

"Bure."

"Halafu kesho anakuja na mkataba."

"Hata jina langu sidhani kama analikumbuka."

Lyamba hakuamini kitu cha bure. Kampeni zilimfundisha. Ila alimkumbuka mjomba wake, yule aliyemwonyesha kubandua gome la mti wa mtundu bila kulipasua. Mjomba hakumwambia asimfundishe mtu. Alimwambia tu, ukiharibu gome la watu nitakuchapa.

Kioo kikawa cheusi. Herufi nyeupe zikaanza kushuka, nyingi, mbio, kama siafu waliomwagiwa maji. Bernadetha akapiga ishara ya msalaba.

Kisha herufi zikasimama.

Arcade akaacha kucheka. Mashine ilikuwa inakwaruza, inasita, inakwaruza tena.

"Nini?" Lyamba aliuliza.

"Vumbi. Disketi imekula vumbi njiani. Nilikuja na baiskeli."

"Sasa?"

"Sasa ninyamazieni kidogo."

Aliitoa, akauvuta mlango wake mdogo wa bati, akaipuliza, akaifuta kwa ncha ya shati. Saa saba na nusu. Akairudisha. Herufi zikashuka tena, zikafika pale pale, zikasita.

Zikapita.

"Faili linaitwaje?" Arcade aliuliza bila kugeuka.

"Msima," Bernadetha alisema. "Nililiandika hivyo tu. Msima."

Akagonga vitufe. Akangoja. "Lipo."

Lyamba alikaa chini.

Printa ilianza kulia, ile sauti yake ya panya aliyebanwa. Karatasi ya kwanza ikatoka. Bernadetha aliinyanyua akasoma kwa sauti. "Mla Moshi, Msima juu, mizinga arobaini na miwili, alama..."

"Nyamaza," Lyamba alisema.

"Kwa nini?"

"Usisome hayo hapa mjini."

Hapo lazima nisimame kidogo, maana msomaji wa Dar hatanielewa. Mrina asali wa kwetu akivuka kuingia msituni, jina la nyumbani analiacha getini. Kambini ana jina lingine, alilopewa na wenzake, na hilo ndilo anaitwa mpaka siku ya kutoka. Akitoka, la kambini nalo linabaki kule. Ukilitamka nje ya miti, wanasema, nyuki wake watahama. Cheka ukitaka. Wao hawacheki.

"Shemeji," Bernadetha alisema pole pole, akipitisha kidole kwenye karatasi. "Yote ni majina ya porini."

"Ulituandikia upande gani wa geti?"

"Upande wa ndani. Nilikuja na baiskeli mpaka kwenye miti, nikakaa kwenye gogo, mkaja mmoja mmoja."

"Ndiyo. Ndani. Ulitaka tukupe majina gani?"

"Ya kwenye kadi, shemeji. Ya serikali."

"Hukusema."

Waliangaliana. Printa ikaendelea kulia. Orodha yote ya Msima, kazi ya miaka miwili, ilikuwa inatoka karatasi kwa karatasi, na hakuna jina hata moja ambalo Bwana Nyuki angelitambua.

Bwana Nyuki ndiye afisa nyuki wa wilaya. Masalu, Msukuma, mtu wa haraka haraka, anayependa kumaliza mambo kabla ya kuyaelewa. Yeye ndiye mwenye muhuri.

"Karatasi ngapi?" Lyamba aliuliza.

"Tisa."

Ilitoka ya saba. Ikatoka ya nane. Pikipiki ikasikika mbali, upande wa stesheni.

"Wanakuja," Arcade alisema. Akawa anaisukuma printa kwa macho.

Ya tisa ilichungulia, mstari wake wa kwanza haujaisha, na taa ikazimika. Kompyuta ikafa. Printa ikafa na karatasi mdomoni.

Bernadetha aliichomoa. Aliisoma, mstari mmoja tu uliokuwa juu yake. Kisha akaikunja mara nne akaichomeka kiunoni, ndani ya kanga.

Lyamba alimwona. "Hiyo ina nini?"

"Imekatika. Haina kitu."

"Bernadetha."

"Haina kitu, shemeji."

Mlango ulifunguliwa.

Askari alikuwa mmoja, mnene, amechoka na jua. Nyuma yake Yotham, shingo imenyooka kama jogoo, na Josephat na begi lake la ngozi.

"Kibali," askari alimwambia Arcade.

"Sina leo, afande."

"Unajua bila kibali hutakiwi kutoka Katumba."

"Najua, afande. Na ile redio yako inasikika vizuri?"

Askari alikohoa. "Inasikika. Twende."

Josephat alikuwa ameshafika kwenye mashine. Alichomoa disketi, akaishika kwa ncha ya vidole kama panya aliyekufa. "Hiki ndicho mlichoingiza. Programu isiyo na mwenyewe. Ikiharibu, mtamshtaki nani?"

"Na yako ina mwenyewe," Lyamba alisema. "Imetufungia nje wiki mbili. Tumemshtaki nani?"

Josephat aliiweka disketi sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino cha kiatu cheusi. Ikalia kama gamba la mende.

Arcade aliangalia vipande, akamwangalia Josephat. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nakala zipo nane Katumba. Mbili ziko shule. Moja anayo padri. Utahitaji viatu vingi, bwana."

Ni askari aliyecheka. Yotham alimwangalia, akaacha.

Uwanja wa nyuma wa chama ndiko walikopelekwa wote, maana Bwana Nyuki alikuwa ameshafika kabla ya saa yake, na Landrover yake, na alikuwa anataka kuondoka. Warina walikuwa wamekaa kwenye magogo na kwenye ndoo za nta zilizopinduliwa, wanaume kama hamsini, wengi na makovu ya moto mikononi. Harufu ya asali mbichi ilikuwa imeshika kila kitu, mpaka kofia ya afisa. Arcade alikalishwa kwenye bampa ya Landrover, askari pembeni yake.

"Napiga muhuri orodha moja tu," Bwana Nyuki alisema. "Moja. Nani anayo?"

"Mimi hapa," Josephat alisema, akafungua begi.

Orodha yake ilikuwa ya karatasi nyeupe nzito, imepigwa vizuri, na juu kuna nembo ya Dunikom.

Bernadetha akasema kwa sauti kubwa, "Hiyo umeitoaje? Mashine si imefungwa?"

"Mimi nina namba, dada yangu. Nimeifungua Jumanne kwenye kompyuta yangu, nikaisafisha. Ilikuwa imejaa takataka."

"Uliisafisha na nani?"

Macho ya Josephat yalimkimbilia Yotham. Na hapo, msomaji, Lyamba akaelewa kabla haijasomwa.

Bwana Nyuki alisoma. Kambi ya Msima juu, Yotham mwenyekiti, mizinga mia moja. Msima chini, shemeji yake Yotham wa Usevya, mkulima wa mpunga ambaye ngazi ya ghala inamtoa jasho. Msima mtoni, mwanawe Yotham, yuko sekondari Tabora. Jina la kadi, namba ya kadi, kila kitu safi.

"Lyamba wa Nsemulwa?" Lyamba aliuliza.

Bwana Nyuki alipitisha macho. "Hayumo."

"Na mzee Ngolo, yule pale nyuma?"

"Hayumo."

Mtu mmoja nyuma alitema mate.

Lyamba alinyanyua karatasi nane, zina matundu pembeni. "Hii ndiyo ilivyokuwa kabla haijasafishwa. Imetoka ndani ya mashine ile ile leo."

Bwana Nyuki aliipokea, akasoma, midomo ikaanza kumcheza. "Mla Moshi. Baba Siafu. Mguu wa Ngazi." Akainua kichwa. "Mzee, hawa ni watu au ni ngano za jioni?"

"Mheshimiwa," Josephat alidakia, "hayo ndiyo matunda ya vitu vya bure. Mashine imepigwa virusi, inatapika. Dunikom ingekulinda na aibu hii."

"Ni watu," Lyamba alisema.

"Wako wapi?"

Lyamba aligeuka akawaangalia. Walikuwepo, wote. Baba Siafu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, anachunguza vidole vya miguu. Mguu wa Ngazi alikuwa anaangalia mawingu. Alijua wanachofikiri. Mjini hapa, mchana huu, mbele ya serikali? Nikisema ni mimi, nyuki wangu watahama. Nisiposema, mizinga yangu itachomwa.

Yotham alicheka kifuani. Huyu naye ni mtu wa kwetu, alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu Jumanne kwamba hakuna atakayesimama.

"Nahesabu mpaka tatu," Bwana Nyuki alisema. "Treni inasubiri barua zangu, lazima nizikabidhi kabla haijaondoka. Mla Moshi. Moja."

Nzi.

"Mbili."

Kule nyuma mzee Ngolo alisimama. Ni mrefu, na sikio lake la kushoto lilichomwa zamani na kienge cha kufukizia nyuki, limebaki kama zabibu kavu. Alijishika kiuno, akanyooka kwa shida.

"Mla Moshi nipo," alisema. "Nyuki wakihama, watanikuta njiani."

Vichwa vyote viligeuka nyuma.

"Alama yako?"

"Mikato miwili ya kulala na tundu."

Bwana Nyuki aliangalia karatasi. Akaangalia tena. "Ndivyo ilivyoandikwa," alisema, na safari hii hakucheka. "Baba Siafu?"

"Nipo," alisema yule wa karibu, huku ameziba uso.

"Mguu wa Ngazi?"

"Nipo."

Wakawa wanasimama. Mmoja, kisha watatu, kisha upande mzima wa uwanja, wanaume wazima wanajitaja kwa sauti za kuona haya kama wanaovuliwa nguo, na kila mmoja anataja alama yake, na kila alama ilikuwa kwenye karatasi. Josephat alilifunga begi, akalifungua, akalifunga. Kule kwenye bampa Arcade alikuwa anahesabu majina kwa vidole, midomo inacheza.

"Mwenyekiti," Bwana Nyuki alisema bila kuinua macho, "na wewe kambini unaitwa nani?"

Yotham hakuwa na jina. Miaka kumi na miwili ya uenyekiti, hajalala kambini siku hata moja.

Watu walianza kuguna. Mtu akasema, "Aitwe Pikipiki," na kicheko kikapasuka, kicheko kibaya, cha watu waliofungiwa nje wiki mbili.

Bwana Nyuki alitoa muhuri mfukoni. Akaupulizia pumzi. Kisha akasita.

"Karatasi ya nane inaonyesha kuna nyingine. Ya tisa iko wapi?"

Lyamba alimgeukia Bernadetha. Katika karatasi nane zile jina lake la kambini halikutajwa. Kiwiko. Alimwambia Bernadetha mwenyewe, pale kwenye gogo: andika Kiwiko.

"Bernadetha," alisema. "Itoe."

"Shemeji, si hapa."

"Itoe."

Aliichomoa kiunoni. Ilikuwa na unyevu wa jasho. Bwana Nyuki aliikunjua, akaisogeza mbali na macho.

"Sega Jeupe," alisoma. "Msima mtoni, mizinga sitini na mmoja."

Lyamba hakusikia kilichofuata.

Sega Jeupe. Wanawake hawaendi kambini, ndiyo kawaida, na Monika alikuwa ameivunja mara mbili, bila mtu kujua, mvua zinapoisha na wenzao hawajafika. Alikaa naye siku nne, akisokota kamba, akiimba chini chini. Na kwa sababu kila anayelala kule lazima awe na jina, yeye Lyamba alimpa hilo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Hakuwahi kulitamka tena, hata kaburini.

"Sega Jeupe asimame," Bwana Nyuki alisema.

"Hakuna mtu kama huyo kambini," alisema mzee Ngolo, taratibu, akimwangalia Lyamba. Hakusema kwa ubaya. Hakujua tu.

Yotham alikuwa amepata rangi tena. "Mheshimiwa, mizinga hiyo naijua, ni ya Lyamba na mkewe. Basi huyo Sega ni marehemu Monika, nani mwingine? Na kanuni ya chama iko wazi. Mizinga ya marehemu asiye na mtoto inarudi chamani." Akatabasamu. "Niliiandika mwenyewe."

"Mzee Lyamba," Bwana Nyuki alisema. "Sega Jeupe ni marehemu mkeo?"

Akisema ndiyo, Yotham anaichukua. Akisema hapana, kwamba ni yeye mwenyewe, uwanja mzima unajua yeye ni Kiwiko, na orodha yote inageuka uongo, ya Ngolo na ya wote waliosimama.

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Bernadetha alikuwa amesogea mbele, kanga ameikaza kiunoni. "Sega Jeupe ni mimi," alisema. "Mizinga niliachiwa na dada yangu. Kambini nimelala."

Uwanja ulilipuka maneno. Mwanamke, kambini? Bwana Nyuki aliunyanyua mkono wenye muhuri mpaka wakatulia.

"Alama yako?"

Ni uongo, Lyamba alijua. Wa kumwokoa. Mungu ambariki, lakini atakwama hapa hapa, maana ile karatasi umeme ulikatika kabla ya alama, haipo, hakuisoma. Kwenye gogo yeye alimpa jina Kiwiko tu, alama hakumpa.

Bernadetha alichutama. Pale chini palikuwa na nta iliyomwagika ikaganda. Kwa ukucha wake alichora mkato mmoja, wa pili, wa tatu, na jicho katikati.

Sawasawa. Lyamba alivuta pumzi. Labda Monika alimwonyesha siku moja, jikoni.

Kisha Bernadetha akaongeza mkato wa nne, mdogo, chini ya jicho, umelalia kushoto.

Mkato ule uko kwenye mzinga mmoja tu kati ya sitini na mmoja. Upo juu kabisa, kwenye mninga wa mtoni, mahali ambapo lazima upande ndipo uuone. Lyamba mwenyewe aliukuta mwezi mmoja baada ya mazishi, hakujua nani ameukata, akafikiri ni Monika.

Siku ile ulikuwa bado mweupe, wa kisu cha juzi, na Monika alikuwa na mwezi mzima kaburini.